Anayepunjwa hayupo dukani

Ukitaka kujua umri wa kasha, usiangalie shaba. Shaba ndiyo inayoangaliwa na mgeni, na fundi analijua hilo. Lipindue uangalie miguu. Kasha lililokaa miaka sabini chumbani kwa mwanamke wa Kiunguja limepigiwa deki ubavuni kila siku ya Mwenyezi Mungu, na maji ya deki yamepanda miguuni kiasi cha vidole viwili, yakaufanya mti uwe mweusi na mlegevu, kama uliotafunwa na panya asiye na haraka. Miguu ya mbele huliwa zaidi, kwa kuwa ya nyuma imeukaribia ukuta na tambara haliifikii vizuri. Nimeshaona makasha ya kughushi yaliyotengenezwa kwa ustadi wa kutisha, misumari imefubaa inavyotakiwa, bawaba zinalia inavyotakiwa, lakini fundi kachovya miguu yote minne kwenye ndoo moja, kina kimoja. Yule hajawahi kupiga deki maishani mwake.

Hayo nilifundishwa na ami yangu. Alikuwa na duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, kwenye uchochoro ambao jua huupata saa sita mchana tu, na mimi nilikuwa kijana wake wa kubeba, kufuta vumbi na kwenda kutafuta chenji. Duka lilishafungwa, ami ametangulia mbele ya haki, na mimi bado naishi kwa kazi hiyohiyo kidogo kidogo: nauza, nanunua, nawakagulia watu mali zao wajue walichonacho. Kwa miaka yote hiyo swali ninaloulizwa zaidi ni moja tu. Nitajuaje kama hiki ni cha kale kweli? Huuliza watalii, huuliza wafanyakazi wa balozi, huuliza Waswahili wenzangu walioko London na Muscat wanaotaka kupamba sebule. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza: aliyekuuzia wewe alipata kiasi gani?

Na hapo ndipo penye kesi.

Niseme kwanza habari za kughushi, maana najua ndizo mnazozitaka. Nyuma ya nyumba moja mtaa wa Ng'ambo, nje kidogo ya Mji Mkongwe, nimekaa asubuhi nyingi nikitazama kasha jipya likizeeshwa. Mbao zenyewe si mpya. Hutoka kwenye vitanda vya besera vilivyovunjika na boriti za nyumba zilizobomoka, kwa hiyo anayepima mti peke yake hudanganyika akiwa na haki zake zote. Bati la shaba hukatwa mapambo, likapigiliwa misumari, kisha kazi ya kweli huanza: maji ya chumvi na ndimu kwa shaba, chai nzito kwa mbao, moshi wa makumbi kwa ndani ya kifuniko. Palikuwa na kijana mmoja pale ambaye kazi yake yote ilikuwa kuchukua bunda la funguo na kuligonga pembeni mwa tundu la kufuli, taratibu, kwa nusu saa, kwa sababu mwanamke anayefungia funguo upande mmoja wa kanga hulikwaruza kasha kila anapoinama kulifungua. Nilimuuliza fundi kama haoni vibaya. Hakuacha hata kupiga randa. "Mie nauza kasha," alisema. "Umri anautia mwenye duka."

Sikupata jibu siku ile na sijalipata mpaka leo. Kasha lake lilikuwa zuri. Lilimchukua wiki tatu, kwa mkono, na anayelinunua atalirithisha. Nikija kwa wachonga vinyago ndiyo nakasirika kidogo, kwa sababu kuna wanaochukua mti wowote mweupe wakaupaka rangi ya viatu wakauita mpingo, na hicho ni kitu kingine kabisa: mti si ule, uzito si ule, na kinyago kinapokutana na jasho la mkono wa mnunuzi kinaanza kujikana chenyewe. Mpingo huzama majini kama jiwe. Kitie kwenye beseni. Kikielea, mrudishie mwenyewe kwa upole.

Lakini hebu tuwe wakweli, aliyetoa dola zake kwa kasha la miezi sita akidhani ni la miaka mia na hamsini, ameumia nini? Amepunjwa, sawa, na haki ya mtu ni haki ya mtu hata akiwa tajiri. Hata hivyo atarudi kwao, ataliweka ukumbini, wageni watalisifu, na hakuna mtoto wake atakayelala njaa. Huyo ndiye ambaye vitabu vya wasafiri vinamtahadharisha na serikali zinamwonea huruma. Wa upande wa pili hana kitabu.

Mwaka 1998 dalali mmoja alituletea habari kwamba kuna bibi Malindi, mtaa wa hapohapo Unguja, mjane, anataka kuuza saa ya ukutani. Madalali wa vitu vya kale hawana ofisi, wana masikio. Wanajua nani kafiwa, nani ana mgonjwa, nani mwanawe kakwama na ada. Bibi huyu alikuwa anatafuta nauli na matumizi ya kumpeleka mwanawe Dar es Salaam kutibiwa. Tulikwenda baada ya alasiri, ami kavaa kanzu yake ya kawaida, si ile nzuri. Hata kanzu ilikuwa na mahesabu yake.

Tulikaribishwa, tukakalishwa, tukaletewa kahawa na kashata. Ami aliiuliza saa maswali mengi sana. Inakwenda? "Inakwenda ikitaka," bibi alisema. Imetoka wapi? Nani aliyewahi kuifungua? Akaitia bei, shilingi elfu kumi na tano, bei ya kukataliwa. Bibi akasema kwa elfu kumi na tano bora aiachie ukuta. Ami akashusha pumzi, akaomba radhi kwa usumbufu, akanyanyuka, akavaa viatu vyake mlangoni, mguu wa kwanza, mguu wa pili, kisha akageuza shingo tu.

"Na hili kasha, bi mkubwa, naona linakula nafasi."

Mimi moyo ulinidunda, kwa sababu tangu tuingie ami hakulitazama hata mara moja. Nilikuwa nimeshafunzwa: mtu anayekitaka kitu hakikodolei macho. Lilikuwa chini ya dirisha, limefunikwa kitambaa cha kusuka kwa mkono na juu yake redio. Droo tatu chini, shaba nyembamba iliyokatwa kama majani ya mkungu, na miguu ya mbele imeliwa na deki hadi imekuwa na kiuno.

Bibi alilitazama kama anayeulizwa habari za jamaa yake. Alisema ni la mamake, na kwa mamake lilikuja harusini, na zaidi ya hapo hajui. Ami akamuuliza analitakia kiasi gani. Ndipo bibi akasema maneno ambayo nimetembea nayo miaka ishirini na kitu: "Wewe ndiye mjuzi, mwanangu. Nipe linalostahiki."

"Elfu sitini," ami akasema.

"Tia tia kidogo."

"Themanini, bi mkubwa, na hamali juu yangu."

Wakapeana mkono. Kasha lilitolewa vilivyomo, na mimi ndiye niliyepokea: kanga za gora zinazonukia karafuu, bahasha za karatasi za nyumba, albamu isiyo na picha, na kofia ya viua ambayo haikumalizwa kushonwa, sindano imo bado kitambaani, imepata kutu. Ile kofia bibi aliichukua mwenyewe mkononi mwangu. Akauliza kasha litakaa wapi. Ami akamwambia litakaa dukani mpaka lipate mwenyewe, na bibi akacheka, si cheko la furaha wala la uchungu, cheko la mtu aliyesikia Kiswahili kimetumika vibaya.

Usiku ule tulilisafisha. Kwenye upande wa kushoto, ndani, makasha haya huwa na kisanduku kidogo chenye kifuniko chake, na chini ya hicho mara nyingi kuna kijidroo cha siri kinachofunguka ukivuta ubao wa mbele kwenda juu. Ami alikivuta. Mlikuwa na riale tatu za fedha zimefungwa kitambaani.

Asubuhi, kabla hatujafungua duka, alinipeleka Malindi kuzirudisha. "Hizi hakuniuzia," alisema. Bibi alimwombea dua mpaka tukaona haya. Siku kumi na tisa baadaye kasha liliuzwa kwa dola 900 kwa mume na mke waliokuwa wanakaa hotelini hatua mia mbili kutoka dukani. Dola wakati ule ilikuwa shilingi mia sita na kitu. Tuseme lilikaribia laki sita. Papasi aliyewaleta, yaani kijana wa kuwaongoza watalii madukani, alichukua kumi kwa mia, kama ilivyo kawaida ya papasi, na ukizipiga hesabu dola zake 90 utaona kwamba kwa kuwaongoza watu wawili hizo hatua mia mbili alipata karibu robo tatu ya alichopata bibi kwa kasha la mamake.

Ami hakuwa mwizi. Hilo ndilo linalonisumbua. Mwizi angekaa kimya na zile riale.

Nikae kidogo kwenye riale, kwa kuwa kuna somo humo la upande mwingine. Riale tunayoizungumza ni ile ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Fedha yake ilikuwa imeshapendwa mno kwenye masoko ya Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Arabuni na mpaka huku kwetu, kiasi kwamba walipojaribu kuwapa watu sarafu nyingine, watu waliikataa. Basi wakaendelea kuipiga ileile, na mwaka uleule. Imepigwa Vienna, ikapigwa Roma, London, Bombay na kwingineko, karne ya 19 nzima na sehemu kubwa ya karne ya 20, na kila moja imeandikwa 1780. Wafanyabiashara wa zamani walihesabu mpaka vijilulu vya kwenye pambo la begani mwa malkia, kisha wakaipima: gramu 28 na kidogo. Mwaka walikuwa hawauangalii.

Dukani tulikuwa nazo ndani ya bakuli la kioo. Mtalii angeokota moja, akaigeuza, akauliza kwa sauti ya chini kama yuko msikitini: hii kweli ni ya 1780? Na ami, ambaye hakusema uongo kwa mtu yeyote niliyemwona, angejibu: "Imeandikwa 1780." Basi. Mtu akalipa. Nimelifikiria jibu lile zaidi kuliko khutba nyingi nilizozisikia. Alisoma tu kilichoandikwa. Uongo aliutia mnunuzi mwenyewe, kwa hiari yake, na akaulipia. Kwa kweli mnunuzi wa vitu vya kale mara nyingi huja dukani ameshaushika uongo mkononi, anatafuta mtu wa kumwekea muhuri. Ukimwambia kweli anavunjika moyo, kisha anakwenda duka la pili.

Na zipo pesa za Sayyid Barghash za shaba, za mwaka 1299 wa Hijria, zenye picha ya mizani upande mmoja. Hizo nyingi ni za kweli, maana zilipigwa kwa wingi na bei yake ni ndogo, kughushi hakulipi. Kila nikiishika moja namkumbuka bibi wa Malindi. Sisi tulikuwa na mizani na yeye hakuwa nayo.

Kuna mwalimu wa madrasa niliyewahi kumweleza kisa hiki, bila kutaja ami, nikidhani ataniambia kwamba biashara ni maridhiano na wote wawili walipeana mkono. Badala yake alinikumbusha Hadithi inayokataza kuwatokea njiani wenye misafara wanaoleta bidhaa mjini, ukanunua kwao kabla hawajafika sokoni. Na aliyeuza hivyo, akifika sokoni akaona bei, ana hiari ya kuuvunja mkataba. Nilishangaa jinsi ilivyoingia sawasawa. Msafara ni bibi. Njiani ni nyumbani kwake, baada ya alasiri, na kahawa na kashata. Soko ni uchochoro wa ami, ambao bibi, pamoja na kuzaliwa mji huohuo, hakuwa na sababu ya kuingia.

Sasa nitetee kidogo, maana najua wenye maduka watasoma. Laki sita kasoro ile si faida yote. Kodi ya nyumba Mji Mkongwe ni ya kukufukuza mjini, papasi ana chake, hamali ana chake, na kitu cha kale kinaweza kulala dukani miaka mitano kikila vumbi na mtaji. Katika makasha kumi, mawili yana mchwa usioonekana. Mwenye duka ndiye aliyejifunza kuangalia miguu, na elimu ina bei yake. Sina ubishi na hayo. Mwenye duka akiniambia ananunua kwa nusu ya anachotarajia kuuzia, namwona mtu wa haki. Theluthi, nasema haya, msimu mbaya. Tulichofanya sisi ni moja ya saba, na tulikifanya kwa mtu aliyetukabidhi mizani yake mwenyewe akasema tupime.

Nenda mnadani pale Darajani au Malindi uone samaki anavyouzwa. Changu, nguru, pweza, wamemwagwa chini, kila mtu anaona jicho la samaki kama limezama, dalali anaita bei kwa sauti inayofika barabarani, na mvuvi amesimama palepale, miguu ina chumvi, anasikia kila shilingi inavyopanda. Mvuvi anaweza kupata kidogo, lakini hawezi kutojua. Samaki wa elfu tano ana mnada, kasha la laki sita halina. Nimeshawaambia wenzangu kwa mzaha kwamba vitu vya kale vingeuzwa mnadani kwa samaki, nusu yetu tungekuwa tumeshahama kazi. Hawakucheka sana.

Na si jambo lisilowezekana. Nairobi tangu 2013 pana mnada wa sanaa za Afrika Mashariki. Picha zinapandishwa jukwaani, bei zinasikika. Mchoraji aliyeko Kampala au Dar anaweza kujua kesho yake kazi ya mwenzake imekwenda kwa ngapi. Kenya iliingiza pia kwenye sheria yake ya hakimiliki, 2019, haki ya msanii kupata asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena. Asilimia 5 ni kidogo, lakini wazo lenyewe ni kubwa: kwamba aliyekitoa kitu hajafukuzwa kabisa kwenye hadithi yake. Sijui kwa nini wazo hilo liwafae wachoraji peke yao na lisimfae bibi wa Malindi.

Likifika kwa wachoraji limechelewa vilevile. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka kama minne tu, mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzo wa 70, kwa rangi ya mafuta inayong'aa juu ya mbao za dari, na picha zake zikauzwa Oysterbay kwa wazungu waliokwenda dukani kununua mboga. Mwaka 1972 polisi wa Dar es Salaam walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Tangu hapo jina lake limekuwa jina la aina ya uchoraji, limekuwa chama cha ushirika, limekuwa ajira ya mamia ya vijana, na limekuwa pia saini inayoandikwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipokufa. Nimeshaletewa "Tingatinga mwenyewe" mara tatu. Moja ilikuwa na gari aina ya Land Cruiser ya muundo wa miaka ya 90 imepaki chini ya mbuyu.

Yapo mabaya kuliko bei ndogo. Yapo ambayo aliyeuza hakuwa mwenyewe kabisa. Wamijikenda wa pwani ya Kenya, Wagiriama hasa, huwasimamishia wazee wao waliofariki wa chama cha Gohu vigango, nguzo za mbao zilizochongwa, na kigango kikishasimikwa hakiondolewi. Huachwa kikaoza palepale kama mwenyewe. Kuanzia miaka ya 70 na 80 vijana wenye shida walianza kuving'oa usiku na kuviuza kwa wenye maduka ya vinyago pwani, na kutoka hapo vikavuka bahari vikawa "sanaa" kwenye makumbusho na majumba ya watu mashuhuri Marekani. Viwili vilivyoibwa kwenye familia moja karibu na Kaloleni vilitambuliwa kwa sababu mtafiti alikuwa amempiga picha mzee amesimama navyo mwaka 1985. Vilirudishwa Kenya baada ya zaidi ya miaka ishirini. Makumbusho ya Denver yaliamua kurudisha 30. Mzee aliyepigwa picha alifariki bila kuviona tena.

Pwani yetu imejaa mashimo ya namna hiyo. Nguzo za makaburi Kunduchi na kwingineko zilipambwa mabakuli ya Kichina, na sehemu nyingi limebaki tundu la mviringo tu, limekaa kama jicho lililotolewa. Milango nayo ndiyo usiseme. Sheria ya Mambo ya Kale ya Bara, ya mwaka 1964, inautaja mlango kwa jina lake: mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 ni kitu cha kulindwa. Bagamoyo na Pangani ukipita utaziona nyumba zilizovaa milango ya mbao za kawaida ndani ya kuta nene za matumbawe, kama mzee wa heshima aliyevalishwa kaptura. Wazee husema zamani mlango ulisimamishwa kwanza, nyumba ikafuata. Siku hizi mlango ndio hutangulia kuondoka.

Ndiyo maana kuhusu kughushi nimekuwa na maoni ambayo yananitia aibu kidogo mbele ya wenzangu. Nawaombea mafundi wa Ng'ambo dua. Kila kasha jipya la chai na moshi linalopanda ndege ni kasha moja la bibi lililobaki chini ya dirisha. Kila mlango mpya unaochongwa kwa agizo la hoteli, maua yake ya mviringo, minyororo yake, mfaa wake wa katikati uliojaa nakshi, ni fremu moja ya Bagamoyo iliyonusurika. Mgeni anataka kununua uzee, na uzee wa kweli hatunao wa kutosha. Auziwe kazi. Ningependa auziwe kwa jina lake, kasha jipya la fundi fulani wa Unguja, na saini yake chini ya droo, na bei iwe hiyohiyo, kwa sababu wiki tatu za mkono wa fundi zinastahiki. Lakini kama lazima mmoja adanganywe kati ya aliyefika kwa ndege na aliyekaa na mgonjwa, sitajifanya sijui nimtakie nani.

Mimi mwenyewe sasa hununua kwa kutaja bei ya kuuzia kwanza. Nilianza baada ya ami kufariki, na msidhani ni uchamungu; nilichoka tu kulala na ile sentensi ya bibi.

Mwaka jana alinijia kijana na mrashi wa fedha, chombo cha kunyunyizia marashi. Ulikuwa wa bibi yake, shingo ndefu, tumbo limebonyea upande mmoja, na mdomoni bado umeshika harufu ya mawaridi ukiuweka puani. Alinisalimia vizuri, akakaa. Nikaupima, nikaukuna kidogo chini ya kitako, nikaridhika.

"Mwanangu," nikamwambia, "huu dukani utauzwa kama milioni moja na nusu. Mimi nitakupa laki tisa leo, taslimu. Ukitaka kusubiri niuze kwanza, tutagawana vizuri zaidi."

Alinitazama kwa muda. Niliona kabisa kinachopita kichwani mwake: mfanyabiashara gani anakwambia bei yake? Akisema milioni na nusu, basi ni milioni tano.

"Ahsante, ami," akasema. "Niende nikamshauri mama."

Akaufunga kwenye gazeti akaenda zake. Baada ya wiki mbili nikauona kwenye kioo cha duka la mtaa wa pili, umesuguliwa mpaka unaumiza macho, na pembeni yake kijikadi kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba una miaka mia mbili. Niliingia kumsalimia mwenye duka, tunajuana. Nikamuuliza kaupata wapi. Akasema kuna kijana kamletea, alikuwa na wasiwasi sana, ikabidi amtulize. Alimwambia si wa kale kivile, lakini kwa vile ni mtoto wa mjini atamsaidia. Alimpa laki nne.

"Akashukuru kweli," aliniambia. "Alisema kuna mzee mmoja alitaka kumtapeli."

Nikaomba kuushika. Harufu ya mawaridi ilikuwa imeshatoka kwa dawa ya kusugulia.